Ajenti ataka laki sita anitafutie residensi Marekani, nimpe au nipambane mwenyewe?

bint_Mkomani

Assalaam aleykum wadau, na wasiokuwa waislamu hamjambo nyote. Naomba msaada maana kichwa chataka kupasuka na nyumbani hakuna wa kumuuliza, kila mtu aijua Amerika lakini hakuna ajuaye daktari huingiaje kule.

Mie mtu wa Amu (Lamu). Nimesoma udaktari Uganda nikamaliza 2022, nikarudi nikakaa mtihani wa KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, nikangojea intanshipu hadi nikawa nasahau kama mie ni daktari, mwisho nikaifanya hapa hapa pwani na sasa niko Malindi, MO (medical officer) wa kandarasi. Ile mitihani ya leseni ya Marekani, USMLE, Step 1 nimepita alhamdulillah. Step 2 CK bado, nasoma usiku nikitoka zamu na mara nyingine nalala juu ya laptopu. Residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, nataka ya medisini (magonjwa ya ndani), si upasuaji si ngozi, tamaa hiyo sina.

Sasa shida. Mjomba wangu ana duka hapa Malindi na amejitolea kunishika mkono, Mungu amzidishie. Lakini kakutana na ajenti mmoja, na huyo ajenti kamwambia kwa laki sita atanijazia aplikesheni yote, atanitafutia obzavashipu, yaani kwenda kutazama kazi hospitalini kule, atanipatia na risachi yenye jina langu, na eti ana watu wake ndani ya hospitali huko watakaonipa nafasi kabla ya Match yenyewe, ule mfumo wa kugawa nafasi za residensi. Mjomba kaamini kabisa, yeye mfanyabiashara, kitu kisichokuwa na dalali huona kama hakina mwenyewe.

Mie roho yasita. Nauliza hivi, hizo laki sita lau ni zangu nizitumie nitakavyo, nizitie wapi ndio zinisogeze? Mtihani? Safari? Kozi? Na je kuna chochote naweza kufanya nikiwa hapa Malindi ambacho kule kinahesabika, au mpaka uvuke maji? Nijibuni ukweli hata kama wauma.

nahodha_wa_Faza

Mie si daktari mie mtu wa boti lakini dalali namjua. Muulize swali moja tu, yuko tayari kulipwe nusu ukishapata nafasi? Akianza kukohoa ushapata jibu.

Mswahili_wa_Michigan

Wa aleykum salaam dadangu. Mie mzaliwa wa Malindi, Shella, ile ya huko sio ya kwenu, na sasa niko mwaka wa pili wa residensi ya medisini katika hospitali ya kawaida ya mtaani, si hizi za majina. Ntaandika kirefu kwa hiyo tafuta chai.

Ajenti kwanza. Usimpe hata shilingi. Match inaendeshwa na shirika liitwalo NRMP na tangu 2013 wana sheria yao, programu, yaani hospitali yenye mafunzo hayo, ikishajiandikisha kwenye Match basi nafasi zake zote ziingie humo, haiwezi kuweka mbili tatu pembeni za kugawiana kienyeji. Na nafasi zenyewe hazigawi mtu, wewe wapanga orodha yako ya hospitali, hospitali nazo zapanga orodha yao ya watu, kompyuta ndio yaoanisha. Yule profesa aliyeisuka upya hesabu yake miaka ya tisini, Alvin Roth, akaja kupewa Nobel ya uchumi 2012 kwa kazi za namna hiyo. Sidhani kama ajenti wa mjomba ana funguo za humo. Na hiyo risachi ya kununua ndio mbaya zaidi kuliko yote, kwenye intavyuu mtu atachukua karatasi hiyo hiyo akuulize mlipata vipi wagonjwa, utabaki unameza mate, na ikijulikana ni ya uongo hata zile nzuri zako za kweli hazitasomwa.

Sasa hali ilivyo. Match ya 2025 ilikuwa na nafasi 43,237. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya MD vya humu Marekani waliopata ni asilimia 93.5, sisi tuliosoma nje na si raia ni asilimia 58. Yaani katika kila kumi wetu wanne waliambulia patupu, na usidhani hao wanne walikuwa wajinga, wengi wana alama safi kabisa. Walichujwa tu kabla mtu hajasoma hata jina lao. Hilo ndilo lakufaa ulielewe kuliko yote, programu moja ya medisini inapokea maelfu ya maombi, mkurugenzi hawezi kuyasoma, kwa hiyo kompyuta yake anaiwekea filta. Alama. Umefeli mara ngapi. Umemaliza chuo lini. Wataka viza gani. Ukivuka hizo ndio binadamu akuona.

Alama maana yake Step 2 CK. Step 1 tangu Januari 2022 ni kupita au kufeli tu, haina namba, kwa hiyo namba pekee watakayokupimia ni hiyo usiyoikalia bado. Kupita ni 218 tangu Julai 2025, zamani ilikuwa 214, lakini kupita si kuitwa. Mie kwa maoni yangu mtu wa kwetu asiye na ndugu wala profesa kule asiingie kile chumba cha mtihani cha Prometric Nairobi mpaka majaribio ya nyumbani yawe yampa 245 na kitu mara kwa mara. Watu watakwambia 230 yatosha, ndiyo, yawatosha wao wenye green card. Na ukifeli haifutiki, yabaki kwenye rekodi hata ukirudia ukapata 260. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kutia pesa ya mjomba kwanza ni hapa, ada ya mtihani pamoja na ile nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani yapita dola elfu moja, halafu benki ya maswali, halafu, na hili watu hawalihesabu, ujinunulie muda. Punguza zamu. Lokamu, vile vibarua vya wikendi, ziache hata miezi mitatu minne. Huwezi kupata 250 ukiwa walala juu ya laptopu.

Lingine, utaletewa kwenye magurupu ya Telegramu maswali ya watu waliotoka kufanya mtihani. Yakimbie. Januari 2024 USMLE walifuta matokeo ya watu wengi waliohusishwa na Nepal baada ya kuona mwenendo usioeleweka, watu waliokuwa washatuma maombi wakajikuta hawana alama katikati ya msimu.

Mwaka wa kuhitimu. Programu nyingi zakata miaka mitano, nyingine mitatu, chache hazijali. Wewe wa 2022 bado uko ndani lakini mlango wasogea, kwa hiyo usikubali mtu akwambie ngoja kwanza ufanye masters. Kazi yako ya MO nayo usiidharau, hiyo ndiyo yaonyesha hukukaa bure, hapa wanaogopa sana mtu aliyeacha kugusa wagonjwa.

Viza. Lenga J-1, ile ya mafunzo. H-1B, ile ya kazi, yataka uwe umepita na Step 3 kabla, na tangu tangazo la Septemba 2025 maombi mapya ya mtu aliye nje yamewekewa dola laki moja, hospitali ya mtaani haina pesa hiyo ya kukulipia wewe. J-1 mdhamini ni ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, itabidi upate barua kutoka Wizara ya Afya Nairobi kwamba nchi yahitaji watu wa fani hiyo, hiyo ianze kufuatilia mapema maana wajua ofisi zetu faili hulala.

Mwisho maombi yenyewe. ERAS, mtandao wa kutumia maombi, hutoza dola 11 kwa kila programu kwa zile 30 za kwanza za fani moja, baada ya hapo dola 30 kila moja. Kwa hiyo ukituma 80 ni 330 ongeza 1,500, jumla dola 1,830, karibu laki mbili na elfu arobaini za kwetu. Watu hutuma 200 kwa woga. Ni pesa baharini. Siku hizi medisini wakupa signali 15, tatu za dhahabu na kumi na mbili za fedha, hizo ndizo waambia programu kwamba wewe wamtaka yeye hasa, na programu nyingi zaangalia waliowatumia signali kwanza. Kwa hiyo kazi ya kweli ni kukaa na daftari mwezi mzima, fungua tovuti ya kila programu, angalia picha za marezidenti wao walisoma wapi. Ukiona Sudan, Nigeria, Pakistani, Misri, hapo pana njia. Ukiona wote wa Ohio na Indiana, pita. Signali zako ziende kwa wale wenye watu kama wewe, J-1 wakubali, na miaka ya kuhitimu hawajaikaza. Wengi wapo New York, New Jersey na huku Michigan. Dhahabu usiipeleke Harvard kwa sababu tu mjomba aijua jina.

nahodha_wa_Faza

Kumbe na hospitali nazo zapanga orodha. Hata posa za Faza hazina kanuni namna hii.

mzee_wa_wodi

Mwanangu bint Mkomani, mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, nimekaa pwani hii muda mrefu na nimefundisha maintani wengi, pengine hata wewe nimekupitia. Niseme la moyoni kwanza halafu nikusaidie. Kuna MMed ya chuo kikuu, na kuna ECSACOP, chuo cha mabingwa wa magonjwa ya ndani wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambayo wasomea ubingwa ukiwa kazini hospitalini bila kuhama nchi, wenzenu wa upasuaji wana COSECSA tangu 1999 na wanatoka wazuri sana. Wodi zetu zakuhitaji. Najua utasema mshahara, na baada ya yale ya 2024, mgomo wa karibu miezi miwili na maintani kuambiwa elfu sabini badala ya zile 206,400 za makubaliano, sina ulimi wa kumzuia kijana yeyote. Nimesema tu ili uchague ukijua.

Sasa hilo la barua za mapendekezo, hakuna aliyeligusa na ndilo tunalowaharibia nyinyi. Sisi mabosi wa huku tuna mtindo wetu. "Daktari huyu ni mchapakazi, mtiifu, hufika kwa wakati, ana heshima kwa wakubwa, namtakia kila la heri." Saini, muhuri, kwisha. Kwetu hiyo ni sifa kubwa, mtu akikusifia heshima amekusifia kweli. Mwenzangu mmoja anayekaa kwenye kamati ya kuchagua huko aliwahi kunieleza wao waisoma vipi, kwamba barua isiyo na tukio lolote ndani maana yake mwandishi hamjui mtu huyu au amjua na hana la kusema. Kwao hata kufika kwa wakati ukikutaja kunaonekana kama umekosa sifa nyingine.

Kwa hiyo usimwachie bosi wako karatasi tupu. Nenda kwake, mketi, umkumbushe wagonjwa mliowaona pamoja. Yule mama aliyeletwa usiku kwa boti akiwa na kifafa cha mimba, nani aliyeanza dawa kabla bingwa hajafika. Yule kijana wa selimundu aliyekuja kifua kimebana, nani aliyefikiria mapema kwamba si nimonia peke yake. Bosi aandike hilo, aandike wewe ulifikiri nini, ulikosea wapi akakusahihisha ukashika, na akulinganishe na wengine aliofundisha, yaani aseme wazi kama uko kwenye wachache wa juu au la. Ukurasa mmoja watosha. Na kwenye mfumo wao utaulizwa kama waacha haki ya kuisoma hiyo barua, kubali kuiacha, barua ambayo mwombaji aliiona haiaminiki. Kwa hiyo mazungumzo yote yawe kabla hajaandika.

Programu moja hupokea hadi barua nne. Mbili za Marekani ukizipata, moja au mbili za hapa kutoka kwa mtu aliyekuona kitandani pa mgonjwa. Barua ya mkubwa mwenye cheo kirefu ambaye hamjaonana ila korido usiitafute.

Umi_wa_Kilifi

Mzee umenena, natamani wakubwa wote wangekuwa hivi.

Bibie, mie nafanya kazi za utafiti Kilifi na nimeshakwenda Marekani kufanya obzavashipu, kwa hiyo niongezee mawili matatu, na pale kwa kaka wa Michigan pengine tutapishana kidogo.

Umeuliza kama kuna kitu cha kufanya hapa ambacho chahesabika. Kipo na uko karibu nacho kuliko mtu wa Lahore. Watafiti wa KEMRI na Wellcome wako Kilifi tangu 1989, hapo hapo kwenye uwanja wa hospitali ya kaunti, matatu moja tu kutoka Malindi. Usiende ukiomba "risachi", hakuna atakayekupa. Hudhuria mihadhara yao inapokuwa wazi, soma wanachokifanya, halafu nenda na swali la wodini kwako. Mfano selimundu. Pwani yetu imejaa selimundu, wewe MO wa Malindi umeona maumivu makali, umeona watoto wamepauka hawana damu, umeanzisha watu dawa yake ya haidroksiyurea na umeona ikikosekana. Marekani wana wagonjwa wa selimundu kama laki moja na wengi wao ni watu weusi wa mahali kama Detroit na Bronx, yaani hospitali zile zile zinazochukua watu kama sisi. Daktari wa kule akisoma kwamba wewe unawajua hawa wagonjwa kwa mikono yako na sio kwa kitabu, ushatoka kwenye rundo. Andika ripoti ya kesi moja nzuri au ukaguzi mdogo wa mafaili, wangapi wenu wa selimundu wako kwenye dawa na wangapi wamepotea kliniki, ombeni kibali cha hospitali na kamati ya maadili kwanza, mgonjwa naye akubali kwa maandishi, halafu muipeleke kazi hiyo kwenye jarida la kweli. Au kuumwa na nyoka, hapo Watamu mna watu wanaofuga nyoka kwa ajili ya sumu ya kutengenezea dawa, ni nani New York ana kesi hizo? Karatasi moja uliyoifanya mwenyewe yatosha kwa mtu wa medisini. Wanaokusanya ishirini ni wale wanaotaka moyo au saratani baadaye.

Vyeti sasa. Zamani mgeni alikuwa aenda Marekani kufanya Step 2 CS ya kuigiza na wagonjwa, ikafutwa 2021, na badala yake ECFMG waliweka njia kadhaa wanazoziita Pathways. Wewe una leseni ya KMPDC ya kujitegemea, hiyo yakuingiza njia ya kwanza bila kuhangaika na barua za chuo, mradi leseni iwe ya karibuni vile wanavyotaka kwa msimu huo. Wenzako waliokimbilia kuomba kabla ya intanshipu ndio wanaohangaika na njia nyingine. Kwa hiyo kule kungojea kwako hakukupotea bure. Pamoja na hiyo lazima OET ya madaktari, mtihani wa Kiingereza, 350 kwa kusikiliza, kusoma na kuzungumza, 300 kwa kuandika. Usiicheke kwa sababu umesoma kwa Kiingereza tangu nasari, ile sehemu ya kuandika ni barua ya rufaa na watu wenye Kiingereza kizuri waanguka kwa kuandika mengi yasiyohitajika. Na diploma yako chuo cha Uganda lazima kithibitishe chenyewe moja kwa moja kwa ECFMG, kwa hiyo mpigie msajili leo, sio Agosti.

Obzavashipu. Kaka hakuitaja kabisa na sijui kwa nini. Mie naona ndio kitu cha pili baada ya alama. Lakini ujue wewe ushahitimu, huruhusiwi kugusa mgonjwa, zile za kugusa ni za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wewe wasimama nyuma watazama. Faida yake ni barua na kujua lugha ya wodi zao, basi. Mwezi mmoja mahali ambapo daktari akuona kila siku ni bora kuliko miezi mitatu ya kulipia kliniki ya mtu ambaye kila wiki ana wageni kumi wamejipanga ukutani. Andika barua pepe mwenyewe kwa programu ndogo, na kwa madaktari wa Afrika Mashariki walioko kule, wengi hawatajibu, wachache watajibu. Viza ni ya matembezi ya kikazi, nenda Gigiri na barua ya mwaliko na useme ukweli kwamba waenda kutazama, usiseme waenda kumuona shangazi.

Mswahili_wa_Michigan

Sikuitaja kwa sababu inakula pesa na nilikuwa nahesabu laki sita. Dada Umi mie bado nasema akiwa lazima achague kati ya kuja kutazama kwa mwezi na kupata muda wa kusoma, asome. Mtu wa 250 bila obzavashipu aitwa intavyuu, mtu wa 225 mwenye obzavashipu tatu amepata picha nzuri za theluji. Lakini zikibaki pesa, naam, aje, na aje kabla ya Septemba ili barua iwahi. Mapema Septemba ndio watuma maombi, mwisho wa Septemba programu zafunguliwa kuyaona, na aliyetuma Oktoba ashachelewa. Cheti cha ECFMG nacho kiwe mkononi siku hiyo, NRMP huangalia kama umepita mitihani kabla ya orodha kufungwa mapema mwezi wa tatu lakini programu nyingi haziiti mtu ambaye bado yuko njiani.

bint_Mkomani

Subhanallah, sikutegemea haya yote. Mzee wa wodi nadhani nakujua na nimeona haya, ntakuja ofisini inshallah.

Mjomba nimemsomea ile ya nahodha akacheka, akampigia ajenti akamuuliza kama alivyosema, ajenti akasema yeye hafanyi kazi kwa deni. Basi hapo biashara imeisha, mjomba mwenyewe kasema mtu asiyeamini mzigo wake hauuzi.

Nina maswali mawili bado. Intavyuu zafanywa kwa video nasikia, nitakuwa Amu au Malindi? Stima ya kwetu mwaijua. Na J-1 nasikia ukimaliza wafukuzwa urudi miaka miwili, mama kalisikia hilo kafurahi kuliko mimi.

Mswahili_wa_Michigan

Haha mama ana haki. Ndiyo, J-1 yakutaka urudi nyumbani miaka miwili ukimaliza, au upate msamaha. Kuna mpango waitwa Conrad 30, kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka za kusamehe madaktari, na wewe wakubali kufanya kazi miaka mitatu mahali palipokosa madaktari. Vijijini mara nyingi, baridi, ng'ombe wengi kuliko watu. Aliyetoka Kiunga hatashtuka.

Intavyuu ni Oktoba hadi Januari, karibu zote kwa video tangu 2020. Saa tatu asubuhi ya New York wakati wa baridi ni saa kumi na moja jioni ya Amu, kwa hiyo utaanza na jua na utamaliza usiku, magharibi itakukuta katikati. Mwambie koodineta mapema kwamba wahitaji dakika kumi saa kumi na mbili na robo, hakuna aliyewahi kukasirika, wao wenyewe waenda kunywa kahawa. Mahali, kaa Malindi siku hizo, au Mombasa kabisa kwa jamaa mwenye jenereta. Laptopu imejaa chaji, simu mbili za mitandao tofauti zenye bando, taa mbele yako sio nyuma, na uwaambie wenye nyumba wasiadhini sebuleni. Na mtihani wa kweli wa intavyuu si maswali ya dawa, ni "niambie kuhusu mgonjwa uliyemkosea" na "kwa nini hapa kwetu". La pili usijibu kwa sifa za hospitali, jibu kwa kitu ulichokisoma kwao, kliniki yao ya selimundu kwa mfano kama wanayo.

Ukishamaliza intavyuu zote panga orodha yako kwa unavyopenda wewe, sio kwa unavyodhani wao wakupenda, ile hesabu yampendelea mwombaji. Wiki ya tatu ya mwezi wa tatu Jumatatu utajua kama umepata, Ijumaa utajua wapi. Ukikosa Jumatatu usilie kwanza, kuna SOAP wiki hiyo hiyo, ya kugombania nafasi zilizobaki, fungua simu, lia Ijumaa.

nahodha_wa_Faza

Kuna jenereta Faza pia lakini lina makelele, usije.

Umi_wa_Kilifi

Na ile barua ya kujieleza usimpe mtu akuandikie wala kompyuta, wanazisoma nyingi mpaka wananusa. Ukishaiandika nitumie faraghani nikupitie. Lakini kabla hujanitumia futa aya ya kwanza, maana najua umeanza na vile ulivyotaka kuwa daktari tangu utotoni bibi alipougua. Kila mtu ana bibi. Anza na wodi yako ya Malindi.

bint_Mkomani

Yallah umejuaje? Ni nyanya wa Pate kabisa. Naifuta sasa hivi.